Chupa ya Mkeka

Mkeka ulianikwa Jumapili jioni, na hadi Jumatano ulikuwa haujakauka.

Si wote. Palibaki mahali pamoja tu, padogo kama kiganja cha mtoto, na jua la huko lilikuwa la kukausha ngozi ya ng'ombe kabla ya mchana. Mama Chiriku aliweka mkono pale. Palikuwa na joto kama la maji yaliyoepuliwa sasa hivi. Akaunusa mkono wake, akasikia harufu ambayo kila mpishi anaijua: ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto, kabla hajanyonyolewa.

"Umezoea ukungu wewe," mumewe alimtania. "Hata jua unalitilia shaka."

Hawakuwa na miezi miwili tangu washuke kutoka milimani. Mume, fundi wa majokofu, alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha barafu. Mke akaja na cherehani yake na binti yao wa pekee, mwenye miaka mitano, waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, na hata akilala aliota kwa sauti. Kule walikotoka walikuwa wakizunguka jiko kama vifaranga. Ndiyo maana baba aliapa kwamba huku, kila Jumapili, watashinda nje kama watu.

Mama Chiriku alikuwa na mazoea aliyorithi kwa mama yake. Milimani, umande uliganda juu ya majani, basi hawakutandika mkeka mahali bila kwanza kupamwagia maji ya moto. Waliyabeba katika chupa yake maalumu, si ya chai, na nyumbani iliitwa chupa ya mkeka. Mama yake alimfundisha pia kwamba ardhi ina wenyewe: utangulize jina la Mungu, useme "tupisheni," ungoje kidogo, ndipo umwage.

Jumapili ile ya kwanza walikwenda kwenye bustani ya kando ya mto, chini ya mti mkubwa ambao mizizi yake ilitambaa juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mzee. Mama Chiriku akaitoa chupa. Mumewe akaangua kicheko.

"Chupa ya mkeka! Huku! Mke wangu, huku ukitaka maji ya moto unaacha ndoo juani. Au unawachemshia sisimizi chai?"

"Chai ya sisimizi! Chai ya sisimizi!" Chiriku akadakia, akirukaruka.

Ulikuwa utani tu. Lakini Mama Chiriku tangu asubuhi alikuwa akipakumbuka kwao, na chupa ile ndiyo kitu cha mwisho cha marehemu mama yake. Hasira ikampanda. Akafungua, akamwaga, mdomo kaufumba.

Maji ya kwanza yalipogusa majani, kitu kikalia. Kilio chembamba, cha kichanga, kutoka chini kabisa.

Alikisikia. Angeweza kuinua mkono. Lakini mumewe alikuwa bado anamtazama kwa tabasamu lile, naye hakutaka kuonekana ameshindwa. Akamwaga mpaka tone la mwisho. Kilio kikakatika. Akatandika mkeka juu yake, akakaa.

Hilo hakumwambia mtu.

Jumapili ya pili chupa aliiacha nyumbani. Alichagua mti wa mbali, akataja jina la Mungu mara tatu kabla ya kutandika. Njia nzima Chiriku alikuwa hajasema neno, na baba akafanya mzaha kwamba huenda betri imeisha. Ilipofika saa sita, jua la utosini, watu wengine wametawanyika kutafuta kivuli, mama akageuka asimwone mtoto.

Alikuwa kule kwenye mti wa kwanza. Amechuchumaa, ameinamia majani, anapuliza. Anapuliza taratibu, kama mtu anavyopuliza kidonda cha moto.

"Chiriku, unafanya nini?"

"Nampoza."

"Unampoza nani?"

Mtoto akaweka kidole mdomoni. "Sss. Mama yake yuko nyuma ya mti. Anakuangalia wewe."

Mama Chiriku hakutazama nyuma ya mti. Alimnyakua binti yake, akaanza kurudi kwenye mkeka, na kila hatua aliyopiga alisikia majani yakikanyagwa nyuma yake hatua moja zaidi, na alipokaza mwendo nazo zikakaza, na ile harufu ya manyoya yaliyochomwa ikamjaa puani na kooni mpaka akashindwa kutamka dua aliyoijua tangu utotoni, na ndege wote wa bustani wakanyamaza mchana ule mweupe, asisikie ila pumzi ya mtu mzima shingoni mwake, pumzi yenye mvuke, ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia.

Tangu saa hiyo Chiriku hakusema tena.

Jioni malengelenge yakamtoka kifuani na mikononi. Hospitalini nesi aliyatazama, kisha akaweka kalamu chini.

"Haya ni ya maji ya moto, mama. Nani amemmwagia mtoto?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

Mumewe akageuka kumtazama, na jicho lile hakuwahi kumtazama nalo tangu waoane. Vidonda vikafungwa, wakapewa dawa. Kila kulipokucha kulikuwa na lengelenge jipya. Mtoto hali, hanywi, anatetemeka katika joto lile kama yuko milimani. Siku ya nne alikuwa mwepesi kama kitambaa.

Kiwandani mtu mmoja akamwelekeza baba kwa fundi saa, ambaye duka lake lilikuwa na upana wa kabati. Walimkuta ana kioo cha kazi jichoni, akasahau kukivua, jicho moja likawa kubwa kama la ng'ombe.

"Msiniite mganga, nitakasirika," alisema. "Mimi natengeneza saa. Kitabu nakisoma, basi. Mwenye kuponya yuko juu."

Akafunga mlango nusu, akasoma kwa sauti ya chini. Harufu ikajaa duka. Chiriku akafumbua mdomo, na iliyotoka ni sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Sikuja kuua. Mwanangu alilia. Yuko aliyemsikia, akaendelea kumwaga."

"Ni nani?" fundi saa akanong'ona.

"Aseme mwenyewe."

Mume akamtazama mke. Fundi naye akamtazama.

"Labda... labda wapita njia," alisema Mama Chiriku. Mungu amsamehe. Mtoto yuko mapajani mwake anakwisha, naye bado anauogopa uso wa mumewe.

"Kesho adhuhuri," sauti ikasema. "Palepale. Asiposema, nitachukua ngozi kwa ngozi."

Walipotoka, fundi saa alimvuta kando. "Dada yangu, saa nyingi ninazoletewa hazijavunjika. Ni punje ya vumbi tu imeingia. Ila sharti mwenyewe akubali ifunguliwe."

"Twende wote kesho, ndugu yangu, utuombee."

"Siji. Kosa lako ulitubie kwa mdomo wako. Chukua maji baridi. Hayo tu."

Kesho yake waliegesha kigari cha kiwanda karibu na mti. Baba alibeba sanduku la barafu, mama alimbeba Chiriku, ambaye alikuwa amefumba macho. Jua likasimama utosini. Vivuli vikajikunja chini ya miti. Mama Chiriku akapiga magoti.

"Nilimsikia," alisema. Akaanza tena, na mara hii hakusimama. "Nilimsikia mwanao akilia, nikajua ni mtoto, maana mimi ni mama na hakuna mama asiyekijua kilio kile, na mkono ulikuwa wangu, na maji yalikuwa yamebaki nusu, na ningeweza kuacha, sikuacha, sikutaja jina la Mungu wala sikuwaambia mtupishe, nikammalizia yote, kisha nikatandika mkeka nikala juu yake, nikanyamaza, na jana nikasema uongo mbele ya mwanangu anayekufa."

"Ulisikia?" mumewe aliuliza polepole. "Kwa nini hukuacha?"

"Ulikuwa unanicheka."

Mumewe alisimama pale na sanduku lake. Kisha akapiga magoti kando yake. "Basi na mimi nimo," akasema.

Wakayeyusha barafu kwa viganja vyao. Mama akataja jina la Mungu, akaomba wapishwe, akangoja. Ndipo akamwaga, tone kwa tone. Mvuke ukapanda kutoka ardhini. Kisha kitu kidogo, laini, kisicho na ngozi, kikamshika kidole kutoka chini ya majani. Moyo ulimwambia avute mkono. Hakuuvuta. Akamwaga mpaka maji yakaisha, na kile kitu kikamwachia chenyewe.

"Mama," Chiriku akasema, "nina njaa."

Wakalia wote wawili kama watoto. Na yeye akaanza: nina njaa, nina kiu, mbona baba analia, yule ndege anaitwaje, kwa nini barafu inauma. Maneno ya wiki nzima yalimtoka kama mtama gunia likipasuka. Hadi wanapanda kwenye kigari alikuwa hajapumua.

Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, cha watu watatu. Baba akawasha injini. Walipofika barabarani mama aliona binti yake amejibana kwake mpaka anamwegemeza mlangoni, na kati yake na baba pamebaki nafasi wazi.

"Sogea kwa baba yako, mwanangu. Unanibana."

"Siwezi, mama," Chiriku alinong'ona. "Nitamgusa. Vidonda vyake havijakauka."

Mama Chiriku aliitazama ile nafasi. Plastiki ya kiti ilikuwa imebonyea kidogo, na imelowa.

"Baba Chiriku," akasema, "endesha taratibu. Kuna mashimo."

Barabara ilikuwa ya lami mpya, imenyooka, haina hata shimo moja. Mumewe akamtazama, akatazama kiti. Akapunguza mwendo.