Mwizi wa Kopo la Gundi

Komeo la ghala lilikuwa limeng'olewa, na kopo moja la gundi halikuwepo. Hakuna kingine kilichoguswa. Ngozi za bei mbaya zilikuwa palepale zilipopangwa jana yake.

Inspekta, mwanamke mnene asiyependa haraka, alichuchumaa mlangoni. Tangu getini mwenye karakana ya viatu alikuwa akimweleza kwamba hii ni kazi ya washindani wake. Inspekta alimwacha aongee mpaka achoke. Yeye alikuwa akitazama vumbi la ngozi lililotanda sakafuni.

Nyayo ziliingia, zikatoka. Mbele ya kila unyayo palikuwa na mchirizi, kana kwamba mwizi aliburura vidole kabla ya kuinua mguu.

"Mlevi," alisema koplo aliyefuatana naye.

"Mlevi anayumba. Huyu amenyoosha moja kwa moja, ila miguu haimtii."

Akageukia makopo yaliyobaki. Yote yalikuwa yamebanduliwa karatasi za maelezo. Alipouliza sababu, mwenye karakana alijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara.

Inspekta aliomba kiti, akakaa upande wa pili wa ua, akaagiza wafanyakazi waje kwake mmoja mmoja. Maswali yake yalikuwa ya kupoteza muda tu. Alichotaka ni kuwaona wakitembea. Wakata ngozi walivuka ua bila shida, washonaji vilevile. Kisha wakaja wanawake watatu wa meza ya gundi.

Wa kwanza viatu vyake vilikwaruza saruji. Wa pili aliinua magoti juu kama anayevuka dimbwi. Wa tatu, mama wa makamo waliyemwita Mama Soli, alikuja ameshika ukuta.

Inspekta alikuwa akitafuta miguu miwili mibovu, akapata sita. Aliifunga kalamu yake, akamkaribisha Mama Soli akae.

"Miguu imeanza lini, mama?"

"Mwaka jana, afande. Ganzi ya vidole kwanza, halafu ikapanda."

Akamsimulia alivyozunguka zahanati na hospitali. Daktari mmoja alimwambia ni presha, mwingine sukari, mwingine mawazo. Vipimo vilitoka safi, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Mumewe alianza kumnusa akidhani amejifunza kunywa. Msimamizi alimwita mvivu mbele ya watu, akamwonya kwamba akizidi kuchelewa kazini nafasi yake atapewa mwingine.

"Kopo ulilichukua wewe?"

Mama Soli alitazama mikono yake. Kabla hajajibu, wenzake wawili waliokuwa wakisikiliza pembeni walisogea. Mmoja akasema aliyeiba ni yeye. Wa pili akasema hapana, ni yeye.

"Kopo moja, wezi watatu," Inspekta alisema. "Kila mmoja alibeba kipande?"

Mama Soli alicheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka.

"Waache hawa, afande. Ni mimi. Niling'oa komeo kwa koleo la misumari. Kuna daktari, binti mdogo tu, ndiye wa kwanza kuniuliza nafanya kazi gani. Akataka kujua gundi ina nini ndani. Nikamwuliza bosi, akanionyesha geti. Nikasema basi, nitampelekea kopo ambalo halijafunguliwa, asije mtu akasema nimechanganya kitu."

"Liko wapi?"

"Kwake. Nililipeleka asubuhi."

Inspekta hakumfunga pingu. Alikwenda mwenyewe hospitali, akaandikisha kopo kama kielelezo, likapelekwa maabara. Majibu yalipotoka, daktari alimweleza kwa lugha nyepesi: gundi ile ilikuwa na kiyeyusho, kemikali ya kuilainisha, ambacho ukikivuta kila siku kwenye chumba kisicho na hewa, hula neva za miguu na mikono.

Siku hiyohiyo alirudi karakanani na wakaguzi wa usalama kazini. Meza ya gundi ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, na dirisha lake limepigwa mbao.

"Karatasi ulizibandua wewe," alimwambia mwenye karakana.

"Nani kasema?"

"Kiwanda cha gundi kimenionyesha zinavyoandikwa. Onyo liko juu kabisa."

Mabega yakamshuka mwenye karakana.

"Wangelisoma, wangekataa kazi," alisema. "Na dirisha likiwa wazi vumbi huingia, viatu vinarudishwa. Nilidhani watazoea."

Ghala lilitiwa lakiri, na mwenye karakana akaondoka na koplo kwenda kuandika maelezo. Wale wanawake Inspekta aliwapeleka hospitali kwa gari la polisi, wamebanana kiti cha nyuma. Daktari hakuwaficha kitu. Kupona kungechukua muda mrefu, alisema, lakini neva huota tena mtu akiepushwa na sumu, na wao walikuwa wamewahi. Mama Soli alimwomba arudie. Akarudia.

Kesi ilipokuwa ikiendelea, Inspekta alipita kuwaona kwenye chumba cha mazoezi. Mama Soli alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu mitupu ameinyoosha mbele. Hakumsalimu hata.

"Tazama hapa, afande."

Inspekta aliinama. Mama Soli alikunja uso, akabana pumzi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kiliinuka kidogo, kikatetemeka, kikatua.

"Jana kilikuwa hakisogei," alisema, akakiinua tena.