Walevi Wanne Ukutani

Sebuleni kulianza kunuka nguruwe, katika fleti ya mtaa wa Umbilo mjini, ambamo hakuna aliyewahi kufuga hata kuku.

Tina alijua harufu inatoka wapi, na roho ilimuuma, kwa sababu ile picha aliinunua mwenyewe. Ilikuwa ndogo kama kiganja, nakala ya mchoro wa Ulaya ya kale: walevi wanne mezani, mmoja na kondoo miguuni, mmoja na nyani, mmoja na simba, wa mwisho na nguruwe. Muuza vitu vikuukuu alimwambia ilichorwa kuwaonya watu dhidi ya pombe. Basi akaitundika pale mumewe, Blaise, anaponywea, labda ataona haya.

Haya? Blaise! Kila akifungua chupa alimwaga tone la kwanza sakafuni, la mababu, kama walivyofanya kwao Bukavu. Sasa tone lilidondoka chini ya picha, na ukutani kitu kikameza. Kwanza Blaise akawa mpole kama kondoo, kisha akawa wa kurukaruka juu ya viti, kisha wa kunguruma mpaka majirani wakagonga ukuta, na sasa alikula kwa mdomo, mikono nyuma, akikoroma juu ya sahani, huku Tina akilia na kumwita jina lake, na vijicho vyake vya nguruwe vikimtazama bila kumjua kabisa.

Alimpigia simu Bibi Khadeejah, mganga wa Wazanzibari wa Chatsworth.

"Nakuja, mwanangu. Usiguse kitu."

Lakini Blaise alianza kutambaa kuifuata chupa. Tina hakuweza tena. Aliinyakua, akaimwaga yote palepale chini ya picha. Ukuta ukameza, ukameza.

Blaise akasimama, akajifuta mdomo. "Chérie, unalia nini? Iko nini?"

Tina alimkumbatia kwa furaha.

Bibi Khadeejah alifika, akaganda mlangoni, ushungi puani. "Nani amemmwagia?" alinong'ona.

"Mimi, bibi. Nimemwaga yote."

"Eish, mwanangu. Jini wa picha hii alizoea tone, wewe umemfanyia karamu. Amemwachilia mumeo. Sasa anamtaka anayemimina."

Tina alitazama picha. Nyuma ya walevi sasa alisimama mwanamke ambaye hakuwapo, ana mtungi, kitenge chake kimefungwa kama cha Tina.

"Tuichome!" Blaise alisema.

Tina alitaka kuitikia. Miguu yake ilikuwa imeshafika jikoni, penye chupa ya pili.

"Blaise, nishike," alisema, na mkono wake ukafungua kizibo.