Ofisi Isiyokuwepo

Kila akitoka shule, Kidole alipitia karakana ya ushonaji ya mama yake, akafagia nyuzi na kuokota sindano kwa sumaku. Jina hilo alipewa kwa kuwa hakuna simu iliyomshinda. Mama yake alishona sare, Mama Vifungo alitia vifungo, na Mama Pasi alinyoosha. Zamani akiba yao ya kununulia cherehani mpya ilikaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila mmoja na ufunguo wake. Mwaka huu waliihamishia kwenye simu, katika sarafu za kidijitali zisizopitia benki. Wakapanga kwamba fedha hazitoki mpaka wawili kati yao wakubali.

Tangu siku ya kwanza Kidole hakuelewa.

"Mama, meneja ni nani?"

"Hakuna meneja."

"Na ofisi?"

"Hakuna ofisi. Hesabu zinatunzwa na kompyuta nyingi, huku na huko duniani."

"Sasa tukikosea, tunamlilia nani?"

"Usikosee," mama alijibu, akakata uzi kwa meno.

Ufunguo wa mama ulikuwa maneno kumi na mawili ya siri. Hakuyaandika popote. Alimkaririsha binti yake kama shairi, maana kichwa chake mwenyewe, alisema, kimejaa vipimo vya viuno vya watu.

Siku moja mama alikwenda kununua vitambaa, akasahau simu mezani. Ikalia. Ujumbe ulisema: "Kutoka ofisi kuu ya sarafu. Akaunti yenu inafungwa leo. Tuma maneno yako ya siri tuinusuru."

Kidole akaichukua simu. Fedha za cherehani mpya! Akayaandika yote, akatuma, akajipongeza.

Punde simu ikaonyesha ombi la kutoa akiba yote. Mama ameshakubali, anasubiriwa mmoja.

Kidole akasoma tena. Mama yuko dukani, amekubali vipi? Hakuna ofisi, mama alisema. Kama hakuna ofisi, aliyeandika kutoka ofisini ni nani?

Kutoka chumba cha nyuma Mama Pasi akaita, "Kidole! Mama yako kapata cherehani nini? Anaomba zote. Ngoja nikubali haraka, nina kazi."

"Usibonyeze!" Kidole alifika mbio.

"Kwa nini? Si mwenzangu kashakubali?"

Uongo ulimjia mdomoni: aseme mtandao ni mbovu. Lakini kidole cha Mama Pasi kilikuwa bado juu ya kioo.

"Si mama. Ni mimi. Nimempa mtu maneno yake ya siri."

Mama Pasi akakiondoa kidole kiooni. Pasi nayo haikungoja. Shati likaanza kunuka moshi. "Balaa juu ya balaa!" Akaiinua pasi, kisha akampigia Mama Vifungo asiguse kitu.

Mama aliporudi, wenzake wawili walikuwa wameshakubali kuufuta ufunguo wake wa zamani. Wakampa mpya. Akiba ilikuwa salama.

"Wewe mtoto, nusura utuvue nguo mchana kweupe," alisema Mama Pasi, shati lililoungua mkononi. "Na sisi ni mafundi nguo!"

Mama hakucheka. "Kosa la kwanza ni langu. Ufunguo wangu niliuweka kichwani mwako. Sikiliza, mwanangu. Sarafu hizi hazina bosi. Ni vizuri, hakuna wa kutuzungusha. Ni vibaya, ukiibiwa hakuna wa kukurudishia. Ukikua huenda zikawa salama zaidi, sijui. Lakini hata siku hiyo, anayekuomba ufunguo ni mwizi. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo. Ungenyamaza kidogo tu, tungekuwa tunalia."

"Basi hayo maneno mapya niyakariri lini?"

"Wewe?" Mama akamkabidhi ufagio. "Fagia."