Nishakaribia

Kosa la Jamila lilikuwa adabu. Wengine majini huwapata kwa kumwaga maji ya moto bila bismillahi, au kwa kupita makaburini jua likizama huku wamejipaka manukato. Jamila alimkaribisha wake kwa mdomo wake mwenyewe, mchana, mvua ikinyesha, chapati mkononi.

Ilikuwa Oktoba 2013. Maman Kahambu, mwanamke wa Butembo aliyezoea kupanga watu mistari, alikodi basi kuwapeleka kina mama wa chama chake Uingereza, kwenda na kurudi siku moja, wakauone mji wa kale wa soko. Jamila, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, alikuwa amepata kitambulisho cha Ubelgiji, alikoishi, mwaka uleule, na alitaka kuvuka mpaka mmoja maishani mwake bila kutetemeka. Akamchukua binti yake Tasnim, mtoto wa pekee, miaka saba. Mumewe Abeid alibaki kazini.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri, tusiusingizie. Nyumba za mbao nyeusi na chokaa nyeupe zilikuwa zimeegemeana kama wazee wanaovushana barabara. Palikuwa na kanisa la mnara mrefu, na hoteli ambamo zamani farasi wa safari walibadilishwa, na katikati ya uwanja wa soko paa la mawe juu ya nguzo nane, mahali ambapo wakulima waliuzia siagi na jibini. Chini ya paa lile kulikuwa na benchi la mawe. Mzee mwenye mwavuli aliyekuwa akiwatembeza alilielezea benchi kwa muda mrefu, na Kahambu akatafsiri kwa kukata.

"Anasema zamani mucuruzi moja, mutu wa kuuzisha bintu, alikufaka hapa na njaa, siku ya soko, batu wote banamwangalia tu. Donc batu ya hapa habakulaka kwenye hii banc. Bon, tuende tuone église."

Jamila alikuwa nyuma, akimfunga Tasnim kamba za viatu. Hakusikia hata neno moja. Miguu ilimuuma, akaona benchi kavu, akaketi na mtoto na kufungua chombo cha chapati. Ndipo alipomwona mtu mwisho wa benchi, mzee mwenye koti refu la sufu lililolowa, ameinama, macho yakiwa kwenye chombo.

Buyenzi huwezi kumtafunia mtu machoni. Lazima useme karibu. Naye mwenye adabu hujibu, "Asante, starehe," kila mtu anabaki na chakula chake na heshima yake. Anayeingia nyumbani kwa mtu na kuketi kula ndiye hujibu, "Nishakaribia." Jamila alisema "Karibu" bila hata kufikiri, kwa Kiswahili, kwa Mzungu wa watu.

"Ahsante," mzee akajibu. "Nishakaribia."

Kiswahili safi. Jamila akacheka kwa mshangao, akageuka amuulize alikijulia wapi. Benchi lilikuwa tupu. Mahali pale palikuwa na maji, na hewa ilinuka sufu mbichi na zizi la ng'ombe.

Jioni Kahambu alihesabu watu ndani ya basi. Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu, akiwagusa vichwa mmoja mmoja.

"Tulikuya quarante, arobaini," akasema. "Sasa iko quarante et un. Nani ameongezeka?"

Wenzake wakamcheka, dereva akapiga honi kwa sababu feri haimngoji mtu, na basi likaondoka. Tasnim alikuwa amejibana dirishani ingawa kiti chake kilikuwa kipana.

"Maman, tonton ananibana," alinong'ona, kwa neno la Kifaransa la mjomba. Jamila akamwambia alale.

Harufu ilifika nyumbani kwao Ganshoren pamoja nao. Ilikaa kwanza kwenye ngazi, kesho yake ikawa kwenye korido, siku ya tatu ikawa jikoni. Jamila alisugua sakafu kwa dawa zilezile alizotumia kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, wala haikusogea. Kisha chakula kikaanza kukosa ladha. Ukitia chumvi, hakina chumvi. Ukiongeza, ni kama unatafuna karatasi. Na Tasnim, aliyekuwa anakula sahani mbili, akawa anakula tatu na kukonda. Kufikia Jumatano sketi ya shule ilimvuka kiunoni. Daktari alipima damu, mkojo, kifua, akasema mtoto hana ugonjwa wowote.

"Kwa nini unakula na unakuwa mwembamba, mama?" Jamila alimuuliza taratibu.

"Si mimi ninayekula," Tasnim akasema. "Ni tonton wa kwenye benchi. Mimi natafuna tu."

Abeid alisema ni mambo ya watoto. Wanaume wana bahati hiyo, hawaamini kitu mpaka kiwaketie mapajani. Jumapili mchana kikamketia. Walikuwa mezani watatu, jua limejaa sebuleni, wali na mchuzi katikati, na Tasnim akaanza kula kwa mkono wa kushoto, mkono ambao hakuwahi kuutumia, polepole kwanza, kisha kwa haraka, kisha kwa pupa, akichota kutoka sahani yake na ya baba yake na sinia lenyewe, na taya likawa linasaga hata pale mdomo ulipokuwa mtupu, na mashavu yakawa yanazama jinsi wanavyomwangalia, kila tonge likimwondolea nyama badala ya kumpa, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye nywele zake kavu hadi mezani, maji baridi yenye harufu ya zizi, na Abeid akamshika mkono amzuie, akaukuta mzito kama jiwe la kusagia, na kutoka kinywani mwa mwanawe wa miaka saba ikatoka sauti ya mzee, yenye shukrani kabisa, ikisema, "Ahsante, nishakaribia."

Abeid alimwachia. "Mpigie Mzee Juma," akanong'ona. "Mpigie sasa hivi."

Mzee Juma alikuwa na kibanda mtaa wa Saint-Josse, akitengeneza cherehani mbele na kuwasomea watu nyuma. Alifika kabla ya alasiri, akavua viatu, akanusa, akaketi kumkabili Tasnim. Alisoma mpaka shati likamlowa mgongoni. Mtoto alimsikiliza kwa adabu, kisha ile sauti ikasema:

"Soma tu, mzee. Mimi sikuvunja mlango. Nilikaribishwa, nikala."

Mzee Juma akageuka. "Mama Tasnim, ulimwambia nini?"

"Nilisema karibu tu, mzee wangu. Kama unavyomwambia mtu yeyote."

"Basi kufukuzwa hatafukuzika. Ana haki ya mgeni." Akafikiri, akishika ndevu. "Amekaa siku ngapi?"

"Siku ya tisa."

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza, na mwenye kutabasamu mapema, mtilie shaka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hamjampa. Mna jembe humu?"

Lilikuwapo. Abeid alikuwa na kijishamba nyuma ya reli, cha kupanda mchicha na maharage, na jembe alilolitia mpini kwa mikono yake. Lililetwa. Mzee Juma akasema ni lazima litoke kwa aliyekaribisha, basi Jamila akapiga magoti mbele ya mwanawe, akihofia asije akawa anaomba dua yake ya mwisho juu ya mtoto yule, akanyoosha jembe kwa mikono miwili.

"Mgeni wetu, siku zako zimekwisha. Jembe hili hapa. Kalime."

Mkono wa kushoto wa Tasnim ukalipokea. Mlango ukafunguka, ukafungwa taratibu kama unavyofungwa na mtu anayejua kuna mtoto amelala, na jembe halikuwamo tena ndani. Tasnim akakohoa.

"Maman, nina njaa," akasema, kwa sauti yake.

Akala kwa mkono wa kulia, akalalamika chumvi imezidi, na Jamila akalia kwa furaha mpaka kwikwi ikamshika. Kufikia Desemba sketi ilikuwa inambana.

Januari, theluji ikiwa imelala wiki nzima, Abeid alikuta gunia mlangoni. Maharage mabichi, yenye udongo bado. Akadhani ni Maman Kahambu, mwenye kupenda kugawa. Akayapika. Yalikuwa matamu ajabu, na watatu hao wakayala siku tatu mfululizo, Tasnim akilamba sahani. Siku ya nne Jamila alimpigia Kahambu kumshukuru.

"Miye?" Kahambu akauliza. "Mu janvier? Maharage nitaitosha wapi, Maman Tasnim?"

Jamila alivaa koti akaenda nyuma ya reli. Vishamba vyote vilikuwa vyeupe isipokuwa chao. Chao kilikuwa cheusi, kimelimwa hadi ukingoni, matuta yamenyooka kwa uzi, udongo ukitoa mvuke. Ulinuka sufu mbichi. Akampigia Mzee Juma, akamweleza.

Mzee akauliza kwanza, "Mmeyala?"

"Tumeyala."

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imezeeka, "jembe humtoa mgeni mvivu. Huyu amelima. Mtu aliyekulimia ukashiba, utamwitaje mgeni? Na kama yeye si mgeni tena, basi wageni ni..."

Jamila hakungoja amalize. Alikimbia njia nzima, akapanda ghorofa nne bila kushika ukuta. Ilikuwa saa saba mchana. Mlango ulikuwa wazi. Meza imeandikwa, maharage yanafuka moshi, jembe limeegemezwa ukutani, karibu na kiti cha Jamila. Abeid na Tasnim walikuwa wameketi upande mmoja, wamenyooka, mikono mapajani, hawagusi kitu, kama watu wanavyokaa kwenye nyumba isiyo yao. Tasnim alimtazama mama yake bila kugeuza shingo, na machozi yalikuwa yakimtoka kimya. Kiti cha Abeid, kile cha mwanzo wa meza, kilikuwa kimelowa na kilikuwa kikilia polepole kwa uzito wa mtu.

"Karibu," ile sauti ikasema, kwa ukarimu.

Jamila aliuma ulimi. Aliuma mpaka akaonja damu, kwa sababu alijua jibu lipi ni la kukataa na lipi ni la kukubali, na alilitafuta lile la kukataa asilione. Ulimi wake, uliolelewa vizuri Buyenzi, ukajibu wenyewe.

"Ahsante. Nishakaribia."