Mtoto Katoka, Dawa za Nini?

Jamani, asubuhi ile nyumba ya mama mmoja, fundi cherehani, ilikuwa imetulia tuli. Binti yake wa miezi tisa, tumbo limejaa maziwa ya mama, alikuwa anatafuna futi ya kupimia nguo. Mume wa mama huyo, fundi wa kuchomelea mageti, alikunywa chai huku akimchekea.

Mume akameza kidonge chake cha kufubaza virusi vya Ukimwi, kisha akauliza, "Mama Kadogo, mbona dawa zako sizioni siku hizi?"

"Zile nilimeza kwa sababu ya mimba. Mtoto katoka, kapimwa akiwa mchanga, hana kitu. Sasa nimeze kwa ajili ya nani?"

Mume akakuna kichwa. Jambo lilimkaa vibaya, lakini mkewe alikuwa mzima wa afya, akaona asimchokoze. Akabeba vifaa vyake akaenda kazini. Hapo, ndugu zangu, naye alikosea.

Na msidhani fundi wetu wa cherehani alikuwa mzembe. Dawa ya maji aliyopewa mtoto alipozaliwa alimnywesha bila kuruka siku, mpaka nesi akamwambia basi. Ila kichwani mwake dawa zote zilikuwa za mtoto, hata zile alizomeza yeye. Ziwa aliendelea kumpa, kwa mapenzi yote.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki. Mama akampeleka mtoto, akapimwa tena. Jibu lilipotoka, nesi aliwaita mama na mtoto ndani akafunga mlango.

"Mama, mtoto ana virusi."

"Hicho kipimo cha mwingine, dada. Huyu mlisema hana!" Fundi akamtazama mtoto, akamtazama nesi, akamrudia mtoto. Mtoto anacheka. "Vimetoka wapi? Mimi siumwi, yeye haumwi. Vimetoka wapi?"

"Dawa zako unakunywa?"

"Si nilishajifungua?"

Nesi akavuta kiti karibu. Akamweleza kwamba mama akiacha dawa, virusi huongezeka mwilini hata kama hasikii ugonjwa, na hupita kwenye maziwa. Fundi alisikia kila neno, lakini maneno yalikataa kukaa pamoja.

"Kwa hiyo nimempa mimi?"

Nesi akamshika mkono.

"Nilijua ni za mtoto tu, dada."

"Na wewe nani kakuambia si mtu?" nesi akasema. "Mnaanza dawa leo, nyote wawili."

Miaka imepita, mtoto anakua, tena mtundu kwelikweli. Kila siku anakunywa dawa, na ameanza kuuliza kwa nini. Mama yake humwambia, "Kunywa kwanza, mwanangu," kisha huinamia cherehani na kulia.

FUNZO

Dawa za kufubaza virusi si za mimba, ni za maisha. Mama akizimeza bila kuacha, humkinga mtoto tumboni na kwenye ziwa. Akinababa, mkiwa na shaka, ongozaneni na wake zenu mkamuulize nesi, kwani kunyamaza kunaua. Nawe mama, ukijiuliza unameza kwa ajili ya nani, jibu ni hili: kwa ajili ya mwanao, na kwa ajili yako mwenyewe.