Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Haya, mambo yenyewe yalianzia dukani pale Umeå, kaskazini mwa Sweden, kwenye kaunta ya kubadilishia mitungi, ile midogo ya mashine za kutia gesi kwenye maji ya kunywa. Jumamosi, watu tele, mabuti yamelowa theluji. Ylva kashika mtungi wake mtupu, koti la kijivu, skafu ya kijivu, uso nao vilevile. Tangu amzike mamake alikuwa kama mdomo uliopigwa ganzi na daktari wa meno: upo, ila hausikii kitu.

Nyuma yake kijana mrefu, sweta la njano kama kiini cha yai.

"Dada, wewe gesi yako unatia kwenye nini?"

"Maji."

"Maji tu? Masikini! Mimi hata divai naitia. Maziwa pia nimejaribu."

"Ikawaje?"

"Paka alihama."

Ylva hakucheka, ila pua ilitoa kaupepo. Kwake hiyo ilikuwa sherehe.

Huyo ndiye Staffan, mtu wa kusini, Malmö huko, wale waongeaji. Akawa anamletea chupa: leo juisi ya tufaha yenye gesi, kesho chai baridi. Ylva anakunywa. Utamu hausikii, lakini mapovu yanamchoma ulimi, na kuchomwa si afadhali kuliko kutosikia lolote? Theluji haijayeyuka, Staffan kashahamia kwake.

Sasa, kwenye friji kulikuwa na chupa ya mwisho ya sharubati ya mamake, ya matunda mekundu ya msituni, yale machachu. Ylva haigusi, wala haizungumzii. Siku yake ya kuzaliwa Staffan akataka kumfurahisha, akaimimina kwenye mashine, akabonyeza. Sharubati si maji, jamani! Ina sukari. Pwaaa! Povu jekundu mpaka darini.

"Nisamehe mpenzi! Nilidhani..."

"Sawa."

"Nitukane basi! Nipige hata na mwiko!"

"Hamna shida. Lete kitambaa."

Staffan akamtazama anavyofuta ukuta, pole pole, kama anafuta ukuta wa jirani.

"Ylva, hivi mimi nikiondoka, utajua?"

Ylva akakamua kitambaa, akaendelea kufuta. Kijana akabeba mashine yake, akaenda kulala kwa rafiki.

Baada ya siku kadhaa akapiga simu.

"Mpenzi, ni mimi. Nakuuliza moja tu. Nirudi nyumbani?"

Ylva akavuta pumzi: shhup.

"Ylva?"

Akavuta tena, kwa nguvu: shhup!

"Haya. Nimeelewa." Simu ikakatwa.

Ylva akavaa gauni la bluu, akapanga glasi mbili, akachemsha kahawa. Ikapoa. Hakulia. Mikono tu ndiyo haikujua ikae wapi.

Gesi ya Ylva ikaisha, akarudi dukani. Na nani yuko kwenye foleni? Sweta la njano.

"Mbona hukuja?" Ylva akauliza.

"Nije vipi? Ulikataa!"

"Nilisema ndiyo. Mara mbili."

"Ulihema, Ylva! Ulihema kama mtu amechoka na mimi!"

Mama Gunvor wa kaunta akaweka mtungi chini. "We kijana, unaishi kaskazini na hujui ndiyo yetu? Mtu akivuta pumzi hivyo, kakubali! Mimi mbele ya mchungaji sikusema zaidi ya hapo, na mume yupo mpaka leo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kumbe siku zote nyumbani Staffan alikuwa anazifunika ndiyo za mwenzake kwa maneno yake.

"Kwenye chupa ya mama sharubati imebaki kidogo," Ylva akasema.

Wakaenda nyumbani. Safari hii gesi ikatiwa kwenye maji kwanza, sharubati ikafuata, taratibu. Ylva akanywa. Mapovu yakamchoma, halafu nyuma ya mapovu kikaja kitu.

"Chachu," akasema.

"Imeharibika?"

"Hapana. Chachu tu. Ndivyo alivyokuwa akitengeneza."

Chozi likadondoka kwenye glasi, hakulifuta.

"Ylva. Nikuoe?"

Shhup.

Staffan naye akataka kujibu kwa ndiyo ya huku. Akavuta pumzi kinywaji kiko mdomoni, mapovu yakampanda puani, akakohoa, kawa mwekundu. Ylva akampiga mgongoni. Akampiga tena. Kisha mkono akauacha palepale, kwa sababu lile sweta, kumbe, lilikuwa na joto.