Kengele Kichwani mwa Mpagazi

Haki ya Mungu, kisa hiki ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Nina kopo la asali ya Sikonge kabatini. Atakayenikamata na uongo hata mmoja, alichukue, na kijiko nitampa.

Kila akitoka shule, Dafrosa alitupa begi kitandani na kukimbilia uani, kwenye meza ya shangazi yake, Pelagia. Waliishi Ipuli, mjini Tabora. Pelagia alitengeneza mapambo kwa vyuma vilivyotupwa: spoku za baiskeli, funguo zisizo na kufuli, masufuria yaliyotoboka. Hayakuwa mapambo ya dukani. Ukivaa bangili yake, umevaa mzinga wa vyuma na nyuki wake wote.

Sharti lake lilikuwa moja. Hakukigusa chuma kabla hajajua kimetoka kwa nani, na kando ya kila pambo aliweka kadi yenye asili ya kila kipande.

Mwezi ule alikuwa akimalizia mkufu wa maonyesho ya shuleni kwa Dafrosa: msafara mzima wa wapagazi, wale wabeba mizigo wa zamani waliopita Tabora kwenda pwani, wakizunguka shingo ya mvaaji. Kila mmoja alikuwa na mzigo kichwani, isipokuwa kiongozi.

"Huyu anataka kitu cha kung'aa," alisema Pelagia. "Shaba ya mviringo hivi. Nimetafuta mpaka nimechoka."

Dafrosa alijua ilipo. Jioni, baiskeli ya jirani yao Mzee Gerson, muuza asali, ilipokuwa imeegemezwa ukutani, alifungua kifuniko cha kengele yake. Akakisugua kwa limau na majivu mpaka kikang'aa.

"Nimekiokota njia ya Kwihara, shangazi. Labda kiliangushwa na wapagazi wenyewe!"

Pelagia akamkumbatia kwa furaha. Dafrosa akasimama wima kama kijiti.

Sasa, mke wa Mzee Gerson, Bibi Recheli, haoni. Kengele ile ilipolia konani, ndipo alipojua mumewe anarudi, akaanza kusonga ugali. Kesho yake Dafrosa alimkuta mlangoni, maji ya ugali yakikaukia jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujamwona babu yako huko njiani? Leo kachelewa."

Mara Mzee Gerson akatokea bila mlio wowote. Bibi akashtuka, mwiko ukamdondoka. Dafrosa aliinamisha uso kwa aibu, na bibi hakuweza kuiona aibu ile. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

Siku ya maonyesho, kadi ya mkufu ilisomeka: "Shaba ya kiongozi iliangushwa na msafara wa zamani. Imeokotwa na Dafrosa." Mwalimu Asnath akaamuru wanafunzi wapige makofi.

"Du, Dafrosa! Bado kidogo na wewe utawekwa makumbusho!" alitania Renatus, mwanafunzi mwenzake.

Kisha akaingia Bibi Recheli, ameshikwa mkono na mumewe. Pelagia akamruhusu aupapase mkufu. Vidole vyake vikapita kwa mpagazi mmoja mmoja hadi kwa kiongozi. Vikakuta kwenye shaba kibonyeo kidogo alichokijua. Vikatulia. Akaigonga kwa ukucha: ting!

"Ajabu," alisema. "Kumbe wapagazi wa zamani walikuwa na baiskeli?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa akisubiri. Masikio ya Dafrosa yaliwaka moto.

"Si ya msafara," alisema. "Niliifungua kwenye baiskeli ya Babu Gerson. Nimedanganya."

Kicheko kikakatika. Pelagia alichukua koleo, akaifungua shaba mbele ya watu wote. Akachana kadi, akampa Dafrosa nyingine na kalamu. "Andika mwenyewe."

Dafrosa akaandika: "Kiongozi hana mzigo kwa sababu ule niliouleta niliuiba." Akasimama pale hadi jioni, akimjibu kila aliyeuliza. Renatus aliuliza mara tatu, makusudi.

Njiani kurudi nyumbani, Pelagia alisema, "Kuiba ni kosa. Halafu ukanifanya na mimi niwadanganye watu kwa mwandiko wangu. Leo umeona aibu, lakini umesema kweli, na kadi zangu zitaaminika tena. Ukitaka kitu cha mtu, omba. Ukinyimwa, acha."

Walipofika konani, wakamkuta Mzee Gerson na baiskeli yake, akampa Dafrosa bisibisi. "Kufungua uliweza. Haya, funga."

Akafunga, akailiza kengele. Toka jikoni bibi akaita, "Baba, karibu! Maji yanachemka!" Mlio ule ulisikika mpaka seminari ya Kipalapala, mbali nje ya mji, mapadri wakadhani ni kengele ya misa, wakakimbilia kanisani.

Hapo Dafrosa, aliyesoma kisa hiki kabla yenu, aliniwekea kidole kwenye neno hilo, mimi msimulizi.

"Babu, Kipalapala? Kengele ile inafika konani kwetu tu! Mimi nilisimama mbele ya ukumbi mzima. Wewe je?"

Haya, nimesimama: ya Kipalapala niliongopa. Kopo langu la asali Dafrosa alilichukua, akampelekea Bibi Recheli, kijiko kimo ndani, na mimi nakunywa chai isiyo na utamu.